Kifaru wa Momella na Vijana wa Paris

Picha iliyoninyima usingizi nilipokuwa darasa la tano ilikuwa ya madinosaria. Niliiona katika kibanda umiza kimoja pale kwetu Maji ya Chai, kiingilio shilingi mia, tumebanana kwenye benchi kama ndizi kwenye tenga. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabanzi, kimezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Kiingereza hatukukisikia, maana juu yake alikuwa anaunguruma mtafsiri, jamaa aliyewapa Wazungu wote majina ya Kiswahili na kuwafanya watupiane maneno ya Kariakoo. Picha ilikuwa The Lost World ya Steven Spielberg, ya mwaka 1997. Kuna mahali wawindaji wanalikimbiza kundi la madinosaria uwandani kwa magari na pikipiki, mmoja wao amekaa kwenye kiti kilichoning'inizwa nje ya gari, kamba mkononi. Hapo kibanda kizima kilisimama. Mwenye kibanda akatufokea tukae, hakuna aliyekaa.

Miaka mingi baadaye, nimeshamaliza kidato cha nne na matokeo yangu ni ya kunyamaziwa, ndipo nikajua kwamba mbio zile Spielberg aliziiga kwa mapenzi kutoka picha ya zamani. Picha hiyo inaitwa Hatari! Na hiyo Hatari! ilipigwa Momella, ndugu msomaji. Barabara ya kwenda Momella inaachana na ile ya Moshi hapa hapa karibu na kwetu, mwendo wa mguu tu kutoka kile kibanda. Yaani kilichotusimamisha benchini kilitoka mlimani kwetu, kikaenda Marekani, kikazunguka miaka thelathini na kitu, kikarudi Maji ya Chai kwa kiingilio cha shilingi mia. Na sisi tukadhani ni mali ya Wamarekani.

Leo nataka kusimulia habari za picha hiyo, na za vijana wa mbali walioipenda, na za mzee mmoja wa karibu ambaye nimemwonyesha mwaka huu. Nia yangu si kujisifu kwamba kwetu aliwahi kufika stelingi. Nina jambo linanisumbua, na mwenye ndoto ya kuandika riwaya akisumbuliwa na jambo hana budi kuliweka karatasini.

Hatari! iliongozwa na Howard Hawks, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kutengeneza picha za kila aina: za majambazi, za ndege, za vichekesho, za cowboy. Ilipigwa hapa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi 1961, ikatoka mwaka 1962. Angalia hiyo miaka vizuri. Walipofika na kamera zao tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Picha ilipoenea duniani, bendera ya Uhuru ilikuwa imekwisha pandishwa tarehe 9 Desemba 1961.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kuna kikundi kinachokamata wanyama hai kwa ajili ya mabustani ya wanyama na sarakasi za ng'ambo. Kiongozi wao ni John Wayne, stelingi wa picha za cowboy. Anakuja dada mpiga picha, Elsa Martinelli wa Italia, anafanya urafiki na watoto wa tembo, anatafuta mapenzi ya John Wayne, anayapata. Basi. Hakuna adui, hakuna dhahabu iliyofichwa, hakuna kisasi. Ukimsimulia mtu kijiweni atakuuliza, "Sasa picha iko wapi hapo?"

Picha iko kwenye ukamataji. Enzi hizo hapakuwa na kompyuta ya kuchora mnyama. Hawks alitaka waigizaji wake wenyewe wawakamate wanyama wenyewe, na mshauri wao alikuwa Willy de Beer, mtu aliyeifanya kazi hiyo kweli katika nchi hii. John Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, pembeni, akiwa na mti mrefu wenye kitanzi, gari linakata nyika kwa kasi, mbele twiga au pundamilia au kifaru. Kifaru alikuwa kifaru kweli. Anaposhtukia kamba na kuligeukia gari, bati linaloumia ni bati kweli, na macho ya watu wale si ya kuigiza. Mengine yaliyobaki, yaani soga, nyimbo na utani wa jioni kambini, yaliandikwa kufuatana na kile kilichonaswa na kamera mchana. Fikiri hilo kama mwandishi: huwezi kumpangia kifaru sura ya pili atafanya nini. Unamsubiri afanye, halafu unaandika.

Na aliyekuwa anaandika ni nani? Hapa wenzangu mnaotumiwa miswada yenu ikirudi, sogeeni karibu. Alikuwa mwanamke, Leigh Brackett. Alianzia katika majarida ya bei ya chini, yale ya karatasi mbovu, akiandika hadithi za sayari na vyombo vya angani na nyingine za upelelezi, hadithi ambazo wasomi hawakuziita fasihi. Hawks alisoma riwaya yake moja ya upelelezi, akaagiza aitwe huyo bwana Brackett. Akaingia dada. Wakaandika naye The Big Sleep ya mwaka 1946, kisha Rio Bravo ya 1959, kisha hii ya Momella. Kazi yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1978 ilikuwa rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, sehemu ya pili ya Star Wars iliyotoka mwaka 1980. Kwa hiyo kalamu iliyopita Momella ndiyo iliyokwenda kupita nyota za Star Wars. Nilipojua hivyo niliacha kuona haya kwamba nilijifunza kusoma kwa vitabu vya Willy Gamba.

Sasa twende Paris. Mwaka 1951 kulianzishwa huko gazeti la sinema liitwalo Cahiers du cinéma. Waliokusanyika humo ni vijana wa rika letu, wengi hawana kamera wala senti, kazi yao kushinda sinema na kutoka humo wakigombana. Majina yao ni François Truffaut, Claude Chabrol, Jacques Rivette, Jean-Luc Godard. Wakubwa wa nchi yao walipenda picha zilizotokana na vitabu vikubwa, zenye nguo nzuri na maneno ya heshima. Hawa vijana wakasema hapana. Wakasema ukitaka kumjua mtunzi wa kweli, kamtafute kwenye picha zinazodharauliwa: za cowboy, za majambazi, za kutisha, zile za kujaza jioni. Mwaka 1953 Rivette aliandika makala ndefu ya kumsifu Hawks kuwa ni mtu mwenye kipaji cha ajabu, wakati wakosoaji wengi walimhesabu kuwa fundi tu wa kuchekesha na kupiga risasi. Godard alipopata nafasi ya kutengeneza picha yake ya kwanza ndefu, À bout de souffle ya mwaka 1960, aliitunuku kwa Monogram, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa picha za bei rahisi. Ni sawa na wewe leo uandike riwaya yako nzuri kuliko zote, halafu ukurasa wa mbele uwashukuru wenye vibanda umiza.

Picha ya Momella ilipofika Ulaya, Godard akaandika orodha yake ya picha bora za mwaka 1962. Namba moja akaiweka Hatari! Juu ya Jules et Jim, ya rafiki yake Truffaut. Juu ya wakubwa wote wa Italia na Sweden. Mwaka uliofuata alitengeneza Le Mépris, na humo ndani, katika kiwanja cha sinema cha Roma, ukutani limebandikwa bango la Hatari! Neno la Kiswahili ukutani, katika picha ambayo wasomi wa sinema dunia nzima wanaifundisha darasani. Truffaut naye aliiona kwa jicho lake: alisema picha ile ya kukamata wanyama kwa kweli ni picha ya kutengeneza picha. John Wayne ni mwongozaji, asubuhi anapanga kikosi, mchana wanakwenda kukamata kitu kilicho hai, jioni wanarudi wamechoka, wanakula, wanapendana, wanagombana, kesho tena. Nilikuwa nimeiona mara tatu bila kulifikiria hilo. Nikarudi kuiona mara ya nne, nikakuta ni kweli.

Tena kulikuwa na mwenzao mmoja aliyefika huku kabisa. Gérard Blain, yule Mfaransa mdogo mwenye hasira, alikuwa ameigiza katika Le Beau Serge ya Chabrol mwaka 1958, na kabla ya hapo katika picha fupi ya Truffaut. Kando yake garini yuko Bruce Cabot, ambaye mwaka 1933 alimwokoa msichana kutoka mikononi mwa King Kong. Kwa hiyo kambi ile ya Momella ilikuwa kama kijiwe: mzee wa King Kong, kijana wa Paris, stelingi wa cowboy, Mjerumani Hardy Krüger, mchekeshaji Red Buttons. Wote chini ya mlima wetu Meru.

Hadi hapo ningeweza kumaliza makala nikiwa nimefurahi. Lakini ipo habari nyingine ya mwaka 1951, mwaka ule ule wa gazeti la Paris.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi ya Engare Nanyuki na Leganga, yale yaliyoitwa mashamba namba 31 na 328, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Karibu watu 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa moto. Walipangiwa kuhamia Kingori, wengi wakakataa, wakaenda kujibana kwa ndugu zao huku mlimani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alifika mpaka Umoja wa Mataifa New York kudai ardhi ile, miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa. Katika Baraza Kuu kura hazikutosha theluthi mbili. Alirudi bila ardhi, lakini nchi nzima ilikuwa imesikia.

Engare Nanyuki iko jirani na Momella. Ukitoka kwenye maziwa ya Momella ukaendelea kaskazini, unafika. Na babu yangu mzaa baba alitoka Engare Nanyuki mwaka huo mgongoni mwa mama yake.

Kwa hiyo malori ya Hatari! yalipopanda, babu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Aliyaona. Kila siku ya utoto wangu alikuwa anatuambia "mwaka ule wa sinema" kama watu wengine wanavyosema mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko, na sisi hatukuuliza. Ndiyo tabia yetu vijana, tunauliza matokeo ya mpira tu.

Mwaka huu nikaazima kompyuta ya mshkaji, picha nikiwa nayo kwenye flashi, nikaenda kwake jioni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho ni nini?"

"Ni ile sinema, babu. Ya Momella."

Akanyamaza kidogo, kisha akamwita bibi alete kiti kingine. Ni picha ya zaidi ya saa mbili na nusu na babu hakuinuka hata kwenda kujisaidia. Alicheka sana pale mchekeshaji aliporusha roketi yenye wavu juu ya mti uliojaa nyani na ngedere. Alipoona kifaru alitikisa kichwa, akasema hao walikuwa wa kawaida tu, mtoto anaambiwa asipite njia fulani kwa sababu yao. Hifadhi ya Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa 1962, na mwaka 1967 ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, lakini majangili walimaliza vifaru. Ukitaka kumwona kifaru wa Ngurdoto leo, mwangalie John Wayne akimkosa kwa kamba.

Lakini nilimwona babu jambo moja. Kila magari yalipokimbia uwandani, yeye hakutazama magari. Alikuwa anatazama nyuma, mbali, chini ya mlima, mpaka anasogeza uso kwenye kioo.

"Unatafuta nini babu?"

"Moshi."

"Moshi gani?"

"Penye watu pana moshi. Asubuhi namna hiyo lazima watu wanapika." Akasubiri picha nyingine ipite. "Moshi wa kupikia nasema. Si ule mwingine."

Sikuwa na la kujibu. Watu wamo katika Hatari!, nisiseme uongo. Wapo wasaidizi wa kukamata, wanavuta kamba, wanasukuma vizimba. Wapo Waarusha wanaompokea yule dada wa tembo na kumpa jina la Mama Tembo. Babu alipoona sehemu hiyo alisema, "Mgeni kapewa jina siku moja. Na huyu anayevuta kamba toka mwanzo, wanamwitaje?" Majina makubwa yote ya picha ile ni ya wageni. Na ule uwanda mkubwa mzuri, ambao Russell Harlan aliupiga kwa rangi mpaka akapendekezwa kugombea tuzo ya Oscar, unaonekana kama haujawahi kuwa wa mtu.

Mambo haya ya kamera nayajua kwa namna yangu ndogo. Mto wetu una rangi ya chai, ndipo jina lilipotoka. Rangi ni kitu kimoja na floraidi ni kitu kingine, hiyo haionekani kwa macho, lakini imo majini kwa wingi na ndiyo iliyotutia kahawia meno sisi tuliokua tukinywa maji haya, wengine imewapinda mifupa ya miguu. Nikiwa shule ya msingi walikuja wageni kutupiga picha. Mpiga picha alinipenda, akanisogeza mbele, kisha akaniambia, "Wewe tabasamu, ila funga mdomo." Nikafunga. Picha nadhani ilitoka nzuri. Mimi mwenyewe simo.

Baada ya Hatari! Hardy Krüger hakutaka kuondoka. Alinunua shamba pale pale Momella, akaishi huko zaidi ya miaka kumi, akajenga hoteli ndogo ya wageni, akaandika kitabu juu ya shamba lake Afrika. Alifariki mwaka 2022. Kabla yake Momella ilikuwa ya Margarete Trappe, Mjerumani aliyekuja mwaka 1907 na kujulikana kwa uwindaji, aliyefariki 1957. Naye Wajerumani walimtengenezea filamu ya televisheni mwaka 2007. Siwaonei wivu wafu. Ila nimehesabu: Momella ina filamu ya wakamataji, kitabu cha mwigizaji, filamu ya mama mwenye shamba. Engare Nanyuki, hapo jirani, nilikuwa nikitafuta riwaya yake tangu nimalize shule. Sijaipata.

Basi je, niichukie Hatari!? Nimejaribu, nimeshindwa. Ile mbio ya kifaru bado inanisimamisha. Nadhani wale vijana wa Paris walikuwa na haki kuhusu jambo moja kubwa: picha inayodharauliwa inaweza kuwa na ukweli ambao picha ya heshima haina. Ila wao walikaa mbali, waliona mwongozaji na kikosi chake. Haikuwapasa kutafuta moshi, hawakuwa na mtu wa kubebwa mgongoni kutoka pale. Kuutafuta ni kazi yetu sisi.

Na vifaa tusivisingizie. Kampala, katika mtaa wa mabanda wa Wakaliga, yupo Isaac Nabwana. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, picha ya mapigano, bunduki zake za vyuma chakavu vilivyochomelewa, waigizaji majirani, kompyuta ameiunga mwenyewe, na juu ya picha sauti ya mtafsiri anayepiga kelele kama yule wa kibanda chetu. Wasomi wangeitupa. Ikazunguka dunia kupitia intaneti na sasa wageni wanapanda ndege kwenda Wakaliga kuomba kuuawa kwenye picha. Ukiitazama unaona mtaa wenyewe: matope, mabati, watoto, moshi wa jikoni. Nabwana hakuufunga mdomo mtaa wake.

Mimi sina kamera. Nina daftari la kaunta kwaya mbili. Riwaya yangu inaanza mwaka 1960, mtoto wa miaka tisa amesimama kando ya barabara ya Momella, malori yanapita. Juzi nilimsomea babu ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba watoto waliruka kwa furaha, wakawapungia wageni mikono.

Babu akanikatiza. "Hatukupunga mikono."

"Mlifanya nini?"

"Tulihesabu. Yale malori ya kwanza, ya mwaka wa moto, mama aliyahesabu. Akatufundisha, likija lori hesabu. Basi tukasimama, tukahesabu."

"Yalikuwa mangapi babu?"

Akaniambia. Nimeufuta ukurasa ule, naandika upya. Nawe msomaji unayetaka kuwa mwandishi, kabla hujaenda kutafuta kisa cha New York, pita kwanza kwa mzee wa jirani yako umuulize mwaka wa sinema kwenu ulikuwa upi. Nenda mapema, wazee hawatungoji.